Mawe Meupe ya Ng'washi

Ng'washi aliposhuka kwenye lori la pamba pale njia panda ya Nyalugulu, kikapu cha dagaa kichwani, alitazama chini ya mlima mara moja tu, na kikapu kikamponyoka. Dagaa aliowanunua Igogo, mjini Mwanza, alfajiri wakamwagika mavumbini, naye hakuinama kuwaokota. Dereva alimwuliza kama anaumwa. Alisimama mdomo wazi, mkono mmoja ungali juu umeshikilia kikapu ambacho hakikuwepo tena.

Mwaka ulikuwa sabini na nne, na vijiji vilikuwa vinaota kila mahali kama uyoga baada ya mvua, kwa hiyo kijiji chenyewe hakikuwa ajabu. Mama yake, Kashindye, alikwishamtumia salamu kwamba amehamishwa kutoka mlimani na kupewa nyumba mpya, naye Ng'washi alikuwa amekuja kumsaidia kupanga vyombo. Kilichomtoa roho ni namna kijiji kilivyokaa. Nyumba zote zilikuwa kwenye mstari mmoja, umenyooka kama kamba ya kufungia ng'ombe iliyovutwa, tangu upande huu wa mlima hadi upande ule. Mbele ya kila nyumba, kando kabisa ya mlango, palikuwa na jiwe kubwa lililopakwa chokaa. Jiwe moja, nyumba moja, hatua ishirini kutoka jiwe hadi jiwe.

Mawe yale aliyajua. Aliyabeba mwenyewe na kuyapaka chokaa kwa mikono yake, na aliyekuwa na kazi ya kuyaondoa pale alikuwa yeye.

Turudi nyuma miaka sita. Ng'washi alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, binti wa mzee Malimi mwenye boma mlimani, mpishi hodari mwenye ulimi usiolala. Ndipo alipokuja Lwakatare, kijana wa Kihaya aliyesomea miamba, na hema tatu, nyundo mbili na Kiswahili cha vitabuni. Akamwajiri Ng'washi awapikie. Ng'washi alipika, lakini macho yake hayakukaa jikoni. Kila jioni alimwuliza yule kijana kwa nini anayapiga mawe ambayo hayajamkosea.

Siku moja Lwakatare akachukua kiazi kitamu kwenye sahani, akakikata mshazari, akavivuta vipande viwili huku na huku. Kipande kimoja kikateleza chini kidogo ubavuni mwa mwenzake.

"Umeona, dada? Nchi inavutwa hivi. Huko mashariki liko Bonde la Ufa lenyewe, na sisi huku tuko ukingoni mwake. Ardhi inapovutwa haikatiki katikati tu, na pembeni pia hukatika. Huu mlima wenu na hii mbuga vilikuwa kitu kimoja. Pakakatika, upande wa ziwa ukashuka. Ufa wenyewe unapita hapa hapa, chini ya mlima."

"Ulikatika lini?"

"Haujamaliza kukatika. Unalala miaka mia tano, labda elfu, halafu siku moja unashtuka, upande mmoja unashuka tena kwa pumzi moja."

"Na siku hiyo ni lini?"

"Ningeijua ningekuwa mganga, nisingehangaika na nyundo," alisema Lwakatare, akala kile kiazi.

Alimwonyesha pia chemchemi zilizopangana chini ya mlima, na kumweleza kwamba maji hupandia kwenye ufa kwa sababu huko ndiko mwamba ulikovunjika. Ng'washi alikuwa amechota maji kwenye chemchemi zile tangu utotoni na hakuwahi kujiuliza kwa nini zimekaa foleni. Usiku ule alilala akihofu kugeuka kitandani.

Kisha ilitakiwa ndege ipite kupiga picha. Ili ufa uonekane kutoka angani, Lwakatare alitaka mawe meupe yapangwe juu yake, na kazi hiyo akampa Ng'washi na vibarua wawili. Ndege ikapita. Vibarua wakaondoka. Lwakatare akapanda upande wa pili wa mlima kwa siku nne, na kabla ya kuondoka akamwambia mpishi wake: "Dada, siku nne hizi kazi yako ni moja. Yakwangue chokaa mawe yote, uyatawanye porini. Jiwe lililopakwa chokaa ni kama barua. Ukiiacha njiani, ataisoma asiyeandikiwa."

Ng'washi alianza vizuri. Asubuhi ya kwanza aliondoa mawe sita. Mchana wageni wakafika nyumbani kwao kutoka Igogo, washenga wa Nkwabi, kijana aliyepakua mizigo bandarini Mwanza na aliyevaa suruali iliyopigwa pasi hata siku za kazi. Nani tena angekumbuka mawe? Kulikuwa na kuku wa kuchinja, nywele za kusuka na mashangazi wa kuwaridhisha. Siku nne ziliisha kama moshi. Lwakatare aliporudi, akiwa na haraka ya kufunga hema, aliuliza swali moja tu.

"Mawe yamekwisha, dada?"

"Yamekwisha."

Majani yalikuwa marefu na hakuenda kutazama. Alimwamini. Akaandika kwenye daftari lake, na kwa kumshukuru akamwachia gunia la chokaa iliyobaki, ambayo Ng'washi alikwenda kupakia chumba chake cha ndoa kule Igogo. Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya Ng'washi ilikuwa na urefu wa maili moja, na ilikuwa inang'aa.

Sasa alikuwa anaitembea. Alipita nyumba baada ya nyumba, watu wakimsalimu naye akiwaitikia bila kuwaona, hadi jiwe la kumi na tisa, ambapo Kashindye alikuwa amekaa mlangoni akipepeta mtama.

"Mwangaluka, mayu. Shikamoo," alimsalimu mama yake kwa Kisukuma.

"Marahaba mwanangu. Mbona uso umekauka hivyo? Nkwabi amekufukuza?" Bibi kizee akacheka. Alikuwa na sababu ya kuchangamka. Nyumba yake ya mlimani ilikuwa imeezuliwa paa ili asirudi, na kwa hilo alilia siku mbili. Lakini alipofika chini alikuta vijana wamemjengea nyumba ya matofali ya udongo, kuta nene, dirisha la mbao. Nyumba bora, ndivyo walivyoiita. Na maji yako hapo, hatua hamsini.

"Nani aliwaonyesha mahali hapa?" Ng'washi aliuliza.

Kashindye akaeleza kama anavyoeleza mtu mkono wa Mungu. Karani alikuja kutoka wilayani kupima viwanja, amepewa siku kumi apime vijiji vitatu, hana kamba ya kutosha wala usingizi wa kutosha. Akaingia porini, akakuta mawe meupe yamenyooka, yana nafasi sawasawa, na maji yako karibu. Karani akaruka kwa furaha. Akasema kazi imekwishafanywa na wapimaji wa serikali waliotangulia, akatia rangi upya, akawagawia watu, kila kaya jiwe lake. "Na kule mwisho," Kashindye akaonyesha kwa ungo, "shule. Watoto mia mbili."

Ng'washi alitazama. Chini ya jiwe la mwisho watu walikuwa wanachimba msingi. Aliingia ndani ya nyumba bora, akashika ukuta, akautoa mkono haraka kana kwamba umemuunguza.

Kesho yake alimwendea mwenyekiti wa kijiji. Chenge alikuwa mtu mnene mwenye makatambuga na mzaha, na hakuwa mbaya. Ng'washi alimweleza habari zote za ufa, kiazi na kila kitu. Kitu kimoja tu hakukisema: nani aliyaweka mawe. Chenge alisikiliza mpaka mwisho.

"Mama, ufa hata mimi ninao kisiginoni, na bado ninatembea. Tena wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tumeanza na ukuta kabisa." Waliokuwepo wakacheka. "Mstari ule ni wa serikali. Umepimwa na wataalamu. Wewe umesomea wapi?"

"Jikoni kwa mtaalamu."

Wakacheka zaidi. Ng'washi aliondoka masikio yanawaka. Angeweza kusema neno moja tu pale, "Mawe ni yangu," na kicheko kingekatika. Lakini kusema hivyo ilikuwa ni kusema kwamba kijiji kizima kimejengwa juu ya uongo wake wa msichana, na ulimi wake, uliosifika kwa kutolala, ukalala.

Ilikuwepo amri kwamba kila nyumba ichimbe choo, futi kumi na mbili. Kashindye alikuwa mjane, hakuwa na mtu wa kumchimbia, basi Ng'washi alishika jembe na sururu mwenyewe ubavuni mwa ile nyumba. Udongo wa juu ulikuwa mweusi wa mbuga. Alipofika kiunoni akakuta majivu, tabaka la majivu na vigae vya chungu. Halafu sururu ikagonga jiwe. Akalisafisha. Lilikuwa jiwe lililoungua upande mmoja. Kando yake lilikuwepo jingine, nalo limeungua upande uliotazamana na la kwanza. Ng'washi alikuwa mpishi, hakuhitaji mtu kumwambia. Yalikuwa mafiga.

Sasa mafiga ni matatu, mtoto mdogo anajua. Akatafuta la tatu mahali lilipopaswa kuwepo. Halikuwepo. Mahali pale palikuwa na mkato kwenye ukuta wa shimo, umenyooka kama uliopitishwa panga, na majivu yalifika kwenye mkato yakakoma. Upande wa pili ulikuwa udongo mtupu. Aliendelea kuchimba kwa sababu mkono haukuweza kuacha. Dhiraa moja na nusu chini, upande wa ziwa, majivu yakatokea tena. Na ndani ya majivu hayo, limekaa sawa, limeungua upande wake, likiwatazama wenzake walio juu, lilikuwa figa la tatu.

Ng'washi aliketi ndani ya shimo. Alikuwa amelijua jambo hili miaka sita, lakini alilijua kama kiazi. Kumbe palikuwa na mwanamke. Mwanamke alikuwa anapika hapa, chungu kiko motoni, na ardhi ikashuka kati ya figa na figa. Alikwenda wapi yule mama? Watoto wake je? Alijikuta analia kwa sauti, akimlilia mtu aliyekufa kabla ya babu wa babu yake kuzaliwa, na Kashindye akaja mbio akidhani ameumwa na nyoka.

Alasiri ile kipande cha reli kiligongwa na watu wakakusanyika. Ng'washi hakuwahutubia. Aliwaambia akina mama washuke shimoni mmoja mmoja watazame. Walishuka wakiongea na kupanda wakiwa kimya. Mmoja alitoka ameshika kichwa kwa mikono miwili, akaenda moja kwa moja kumchukua mtoto wake aliyelala ndani ya nyumba. Mwisho akashuka Chenge. Alikaa mle muda mrefu. Alipopanda, magoti yake yalikuwa na majivu na mzaha ulikuwa umemwisha.

"Lakini wapimaji," alisema, kama anayeomba. "Wapimaji waliweka mawe."

Hapo Ng'washi akaona kwamba hakuna njia nyingine.

"Hawakupima kiwanja, Mwenyekiti. Walikuwa wanaonyesha ufa ulipo. Mawe niliyapanga mimi. Niliambiwa niyatoe, nikatoa sita, nikasema yamekwisha."

Kelele zikaja zote pamoja. Mwanamume mmoja aliokota bonge la udongo, wenzake wakamshika mkono. Kashindye peke yake hakupiga kelele. Alimsogelea mwanawe akamtazama usoni.

"Ulimwambia mtoto wa watu yamekwisha?"

"Nilimwambia, mayu."

"Kwa ajili ya harusi."

"Kwa ajili ya harusi."

Bibi kizee akageuka akaenda zake ndani.

Chenge, ambaye hata yeye alikuwa na jasho la mtu aliyekwishaona kiti chake kinawaka moto, alimwambia Ng'washi wazi: "Nikiandika haya kwenda wilayani, wewe watakuita, na mimi wataniuliza nilikuwa wapi." Ng'washi akasema andika. Barua ilipokwisha aliweka saini yake, ile aliyojifunza kwenye kisomo cha watu wazima kule Mkuyuni, na kalamu ikatoboa karatasi. Aliitwa kweli. Alikalishwa kwenye benchi siku mbili, akaitwa mzushi na mpinga maendeleo, akajibu kila swali. Majibu yalikuja baada ya wiki tano. Shule, kwa kuwa msingi ulikuwa haujamalizika, isogezwe na wanakijiji kwa nguvu zao. Nyumba zibaki mpaka wataalamu waje kuangalia. Wataalamu hawakuja.

Basi wakaisogeza shule hatua mia tatu upande wa ziwa, Ng'washi akibeba matofali kuliko mwanamume yeyote, na hakuna aliyemwambia pole. Kaya chache zilihama kimya kimya bila kuomba ruhusa, Chenge akijifanya hazioni. Nyingine zilibaki. Usiwalaumu. Mtu aliyeng'olewa mara moja na mche wake haujashika mizizi, ukimwambia ang'oke tena anachoka mpaka kwenye mifupa. Ng'washi alimjengea mama yake kibanda cha miti na udongo karibu na shule, akakiezeka vizuri, akaenda kumchukua.

"Sitoki," alisema Kashindye.

"Mayu, uliliona figa."

"Nililiona. Sasa sikiliza. Serikali imenihamisha mara moja, nikalia, nikanyamaza. Mara ya pili sihamishwi na mwanangu kwa kosa lake. Kama una haya, kaa nayo. Mimi nina nyumba ya matofali."

Alimbembeleza miezi mitano. Alikuwa akirudi Igogo kwa mumewe wiki moja na kuja tena Nyalugulu wiki tatu, na Nkwabi, mwenye suruali ya pasi, hakumuuliza neno. Alimpikia mama yake kibandani ili aje kula kule chini, na bibi kizee alikuja, akala, akasifu chumvi, akarudi kulala kwenye jiwe la kumi na tisa.

Ilikuwa Jumanne moja ya mwezi wa tatu, mwaka uliofuata, saa nne asubuhi. Watoto walikuwa darasani. Ng'washi alikuwa ameinama kwenye chemchemi na ndoo yake, akaona maji yanaruka kama yanayochemka. Hakupata nafasi ya kushangaa. Ardhi ilimpiga kutoka chini, akaanguka kifudifudi, na sauti ikaja ambayo hakuwahi kuisikia, nzito, ikitoka pande zote. Alijaribu kusimama mara mbili akaangushwa mara mbili. Halafu ikanyamaza, na mbwa wote wa kijiji wakaanza kubweka kwa pamoja.

Aliinua kichwa. Kule chini shule ilikuwa imesimama, vumbi linatoka madirishani, na watoto wanamwagika nje wakilia, wazima, wakikimbia kama siafu waliomwagiwa maji. Mwalimu alikuwa anawahesabu kwa kuwagusa vichwa. Palepale msingi wa kwanza wa shule ulipokuwa umechimbwa, nchi ilikuwa na ngazi. Ngazi ya udongo mbichi, kina cha goti, inapita katikati ya msingi na kuendelea, jiwe kwa jiwe, nyumba kwa nyumba.

Ng'washi alikimbia juu ya ngazi ile akihesabu mawe. Nyumba za miti zilikuwa zimelala upande na watu wanatambaa kutoka. Kumi na saba. Kumi na nane. Nyumba ya matofali ilikuwa lundo la vumbi, na juu yake dirisha la mbao limelala zima, halina hata mkwaruzo.

Alichimba kwa mikono. Chenge alikuja kuchimba, na yule mwanamume wa bonge la udongo naye akaja. Walimkuta Kashindye karibu na jiko lake, uso mweupe kwa vumbi, kama aliyepakwa chokaa. Alikuwa ameanza kupika uji. Mafiga mawili yalikuwa juu. La tatu lilikuwa chini, upande wa ziwa, na makaa bado yana moto.

Wengine wanne walikufa siku ile. Watoto wa shule, wote mia mbili na wachache, walitoka salama. Waliozika walimshika Ng'washi mkono, hata waliomtukana, na mama mmoja alimwita kwa jina la heshima ambalo hakulisikia. Alikuwa ametulia kwa namna iliyowatisha watu. Nkwabi alikuja kutoka Igogo akataka kumrudisha nyumbani. Alimwambia asubiri, kuna kazi.

Asubuhi baada ya mazishi alichukua panga butu na ndoo ya maji. Alianza kwenye jiwe la kwanza. Akalikwangua chokaa mpaka likawa jiwe tu, akaliviringisha porini, akarudi kwa la pili. Watu walitaka kumsaidia, akakataa kwa kichwa. Alilala pale alipofikia, akaamka, akaendelea, vidole vikivuja damu. Jiwe la kumi na tisa alilikalia kwanza kwa muda, halafu akalikwangua kama mengine.

Jioni ya siku ya nne alikwenda kwa Chenge, akasimama mlangoni na panga lake.

"Mawe yamekwisha," alisema.

Mwenyekiti alivaa makatambuga yake, akaenda kutazama mstari wote, mahali pa kila jiwe, tangu mwanzo wa ufa hadi mwisho. Yalikuwa yamekwisha.